Kumpokea Mwanafunzi Mpya

Hotuba iliyosemwa Kinyala mbele ya walimu, wazazi na waamini, katika sikukuu ya Jubilei



Wazee wetu, mama zetu, ndugu walimu, nanyi vijana mlioketi huko nyuma kwenye nyasi:

Tumepewa kazi ya kusema maneno machache juu ya shule, kwa kuwa katika nchi hii yetu ya Rungwe Kanisa na shule vilikuja pamoja, wala hakuna awezaye kusimulia habari za kimoja pasipo kukitaja cha pili. Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kuyahesabu makanisa yaliyojengwa, na watu waliobatizwa, na mapadre na masista waliotoka kwetu. Sisi hatutahesabu kitu. Twataka kusema juu ya siku moja tu ya mwaka, yaani siku ile ya Januari mtoto aingiapo mlangoni mwa shule kwa mara ya kwanza, naye mwalimu akamtazama. Siku hiyo ni fupi, walakini yaliyoharibika siku hiyo ni shida kuyatengeneza baadaye.

Ninyi nyote mwaijua Januari ya kwetu. Ukungu hushuka kutoka mlima Rungwe hata mgomba ulio mbele ya nyumba usionekane. Mvua hunyesha mchana na usiku. Njia zote ni utelezi mtupu. Katika mvua hiyo mtoto wa miaka sita au saba hutoka kwao, daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni, jani la mgomba juu ya kichwa, akaenda mahali asipopajua, kwa mtu asiyemjua, atakayesema naye kwa lugha ambayo huenda hajaizoea. Mama yake amemwambia, "Nenda ukamsikilize mwalimu." Lakini ni nani aliyemwambia mwalimu, "Nenda ukamsikilize mtoto"?

Neno letu la leo ni hili. Twadhani kwamba mtoto akiisha kuvaa sare na kuandikwa jina, basi amekwisha kumwamini mwalimu wake. Sivyo. Ametii tu, na kutii si kuamini. Mtoto hana deni la kumwamini mtu asiyemjua. Mwenye deni ni mwalimu, naye sharti aanze kulipa yeye, tena siku ya kwanza.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1891 wamisionari wa kwanza waliingia kwa Wanyakyusa: Wamoravian pamoja na Theodor Meyer, waliojenga kituo cha Rungwe, na wale wa Misheni ya Berlin walioongozwa na Alexander Merensky. Mapadre wa kwetu walifika baadaye, wala hatuoni haya kujifunza kwa waliotangulia. Watu hao walikuja na vitabu, walakini maneno hawakuwa nayo, kwa kuwa hawakujua Kinyakyusa. Iliwabidi kuuliza: hiki chaitwaje, na kile chaitwaje? Kabla hawajapata mwanafunzi hata mmoja, walikuwa wanafunzi wenyewe, na walimu wao walikuwa watu wa nchi hii. Meyer alikaa Rungwe miaka mingi, hata wakati wa vita kuu ya kwanza, akaandika habari nyingi za mila na desturi zetu. Hatusemi kwamba kila walilolitenda wageni wale lilikuwa jema. Twasema hivi tu, ya kwamba mwalimu aliyekubali kwanza kufundishwa, watu walimwona kuwa ni mtu, wakaketi naye. Sisi tuliozaliwa hapa hatari yetu ni nyingine: twadhani twawajua watoto hawa kwa kuwa ni wa kwetu, basi hatuulizi.

Twalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sisi wenyewe tulikosa. Tumefikiri sana kama yafaa kulisimulia kosa letu siku ya sikukuu. Tumeona yafaa, maana jubilei isiyo na toba ni ngoma tu.

Januari 2016 Serikali iliondoa ada na michango katika elimu ya msingi, na watoto wakaja shuleni kwa wingi ambao hatujapata kuuona. Madawati hayakutosha, wengine waliketi sakafuni, wengine walisimama dirishani. Sisi wakati ule twafundisha kipindi cha dini katika shule moja ya huku kwetu. Mwalimu mkuu alipoona walimu hawatoshi, alituomba tusaidie darasa la kwanza. Tukakubali kwa furaha, tena kwa majivuno kidogo, kwa maana tulidhani mtu aliyezoea kufundisha katekisimu hawezi kushindwa na a, e, i, o, u.

Siku ya kwanza watoto walikuwa zaidi ya mia katika chumba kimoja. Fimbo ilikuwa juu ya meza. Hatukukusudia kuitumia, lakini tuliiweka pale ionekane. Tukaanza kuwaita mbele mmoja mmoja na kuwauliza majina, upesi upesi, kwa kuwa walikuwa wengi na saa zilikuwa zinakwenda. Akaja mvulana mmoja mdogo wa mwili, miguu imejaa matope. Tukamwuliza, "Jina lako nani?" Yeye hakutaja jina. Alichutama, akainamisha kichwa kama afundishwavyo mtoto wa Kinyakyusa mbele ya mtu mzima, akasema, "Mugonile."

Ninyi mwaijua salamu hii ya asubuhi. Mtoto alitenda kama alivyofundishwa nyumbani, ya kwamba mtu hatangulizi jina lake mbele ya salamu. Lakini watoto waliotoka chekechea, waliokwisha kufundishwa kusema kwa pamoja "Shikamoo, mwalimu", walicheka. Nasi tukacheka. Hatukumpiga, wala hatukumtukana. Tulicheka tu, tukasema, "Hapa ni shuleni, si migombani." Darasa likacheka mara ya pili, na mara hii kwa nguvu zaidi, kwa sababu mwalimu ameruhusu.

Mtoto yule akarudi mahali pake. Siku ya pili alikuja. Siku ya tatu hakuja.

Katika darasa hilohilo alikuwamo msichana aliyeketi karibu na mlango. Kila asubuhi tulisoma majina katika daftari la mahudhurio, na jina moja halikuitikiwa. Tukaandika: hayupo. Tukaandika hivyo siku tatu. Kumbe mwenye jina alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwetu. Aliyemwandikisha alitoa jina la ubatizo, na nyumbani mtoto huyo aliitwa kwa jina la bibi yake. Lile la daftarini hakulijua kuwa ni lake. Akasikia majina ya watoto wote yakisomwa, ila lake halisomwi. Akarudi kwao akamwambia mama yake, "Hawakuniita." Mama yake alikuwa mchuma chai, mwenye mtoto mchanga wala hana wa kumlea. Hakubishana na binti yake. Akambakiza nyumbani.

Hayo ya msichana hatukuyajua wakati ule. Juu ya mvulana, mwalimu mkuu alituuliza katika wiki ya tatu. Tukajibu, "Mtoro." Ndugu walimu, neno hili ni jepesi sana vinywani mwetu. Tukimwita mtoto mtoro, kosa lote tumemtwika yeye, nasi tumebaki safi.

Jumamosi tukaenda kwao. Tulimkuta bibi yake akimenya ndizi. Alitupa kigoda, akatusalimu, akauliza habari za nyumbani, na za watoto, na za ng'ombe, asituharakishe kwa neno lolote. Ndipo tukamwambia kwamba mjukuu wake ametoroka shule. Mama huyo aliweka kisu chini, akatuuliza kwa upole, "Mwalimu, mtoto alikusalimu. Ulimwitikia nini?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumefundishwa na mapadre, tena tulikuwa tumesimama mara nyingi mbele ya waamini tukiwaeleza watoto amri ya kuwaheshimu wakubwa. Naye mama huyu asiyejua kusoma alituuliza swali moja tu, likatushinda. Mtoto alikuwa amemheshimu mkubwa wake. Mkubwa ndiye aliyekosa adabu.

Tukamwomba radhi. Akasema, "Si mimi." Akatuonyesha kwa kidole upande wa nyuma wa nyumba.

Tukaenda. Mtoto alikuwa amejificha kati ya migomba. Tukachutama, tukamsalimu: "Ugonile." Hakuitika. Tukamwambia ya kwamba tulikosa kumcheka, na kwamba salamu yake ilikuwa njema kuliko swali letu. Hakuitika. Basi tukamwambia kwamba Jumatatu alfajiri tutapita hapa, twende naye shuleni pamoja. Hakuitika, lakini alitutazama.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mvua ilinyesha kama inavyojua kunyesha Rungwe. Tulipoamka tukajiambia: hakuna mtoto atakayetoka katika mvua hii, na bibi yake atafahamu. Tukajifunika tena. Kisha tukakumbuka ya kwamba mtoto huyu anajua mambo mawili tu juu yetu, kicheko chetu na ahadi yetu. Na ahadi ikivunjika, kitabaki kicheko. Tukatoka. Tulipofika, tumelowa mwili mzima, tulimkuta amesimama barazani, amekwisha kuvaa sare, jani la mgomba mkononi. Bibi yake akasema, "Amesimama hapo tangu gizani."

Njiani hatukusema neno. Tulipofika kwenye kijito, penye mti wa kuvukia, alitupa mkono wake.

Msidhani kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa rahisi. Mwezi mzima alikaa darasani pasipo kufungua kinywa, nasi hatukumharakisha. Kila asubuhi tulimsalimu yeye na wenzake kwa Kinyakyusa, na baada ya Kinyakyusa kwa Kiswahili. Siku moja ya Machi aliinua mkono, akasoma silabi zote zilizokuwa ubaoni, na nyingine ambazo hatukumwuliza. Alimaliza darasa la saba pamoja na wenzake.

Na yule msichana? Ilikuwa Aprili tulipopata habari zake, kwa kinywa cha jirani. Tukaenda siku ileile. Nyumba ilikuwa imefungwa. Tukaambiwa wamehamia Usangu kulima mpunga. Hatukumwona tena hata leo. Katika daftari la mwaka ule jina lake limeandikwa mtoro, na mwandiko ni wetu.

Ndugu zetu, mmesikia. Watoto wawili wa darasa moja na wiki moja. Mmoja tulimfuata, wa pili tulichelewa kumfuata. Hatukuwa na elimu zaidi kwa mmoja kuliko kwa mwingine, wala upendo zaidi. Lakini kwa mmoja tulikwenda na kuuliza, na kwa mwingine tuliridhika na daftari. Basi kwa yale tuliyoyaona, twataka kuwaachia walimu maneno matano, na wazazi maneno mawili.

La kwanza ni salamu na lugha. Katika shule za msingi za serikali lugha ya kufundishia ni Kiswahili, nasi twashukuru, kwa maana Kiswahili kimewafanya watu wa makabila mengi kuwa taifa moja. Walakini mtoto wa Kinyala huja na Kinyakyusa, na mwingine na Kindali au Kisafwa. Lugha hiyo ndiyo aliyosemeshwa na mama yake. Mwalimu akiicheka, amemcheka mama yake. Kumbukeni habari za Julius Nyerere. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye alikuwa na umri wa miaka 12. Lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwaongoza Watanzania kwa Kiswahili, na kutafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, na kuitwa Mwalimu na taifa zima. Mtoto asiyejua Kiswahili mwezi wa Januari si mjinga. Ni mtu aliye njiani. Mwalimu na amngoje kivukoni.

La pili ni jina. Katika wiki ya kwanza msiliamini daftari. Mwulizeni kila mtoto, "Nyumbani wakuitaje?" Andikeni jina hilo kwa kalamu ya risasi kando ya lile la kuandikishwa, na mwiteni kwa majina yote mawili mpaka atakapoyazoea. Kazi hii yachukua siku mbili au tatu, na mwalimu mwenye watoto mia ataona kwamba anapoteza wakati. Hapotezi. Sisi tuliokoa siku mbili, tukapoteza mtoto.

La tatu ni ahadi. Wazee wamesema, ahadi ni deni. Kwa mtu mzima ahadi ndogo si kitu: "Kesho nitawapa picha ya kupaka rangi", "Ijumaa tutacheza mpira", "Nitalisoma daftari lako leo." Lakini mtoto mgeni hana kipimo kingine cha kumpimia mwalimu. Hajui cheti chako, wala chuo ulichosoma. Ajua tu ya kwamba ulisema Ijumaa, na Ijumaa imefika. Basi ahidini kidogo, mtimize yote. Na likitokea la kuwazuia, waambieni watoto sababu, kama mnavyowaambia wakubwa.

La nne ni fimbo na kicheko. Juu ya fimbo sheria yasema wazi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka kwamba adhabu ya viboko ni ya mkuu wa shule, au ya mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Basi mwalimu wa darasa anayetembea na fimbo mkononi tangu asubuhi, kanuni hiyo haiko pamoja naye. Nasi twaongeza hili: fimbo iliyowekwa mezani siku ya kwanza yafundisha kabla ya mwalimu kufungua kinywa. Yawaambia watoto, "Huyu anawaogopa." Maana mtu huweka silaha karibu anapokuwa na hofu. Walakini kicheko hakina kanuni, wala hakiandikwi kitabuni. Twawasihi: mkiona darasa linamcheka mtoto, simameni upande wa mtoto siku hiyohiyo. Darasa zima litajua tangu hapo kwamba hapa hapana atakayetupwa.

La tano ni wenzake. Zamani wavulana wa Kinyakyusa walipofika umri wa miaka kumi hivi waliondoka kulala katika nyumba za wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pamoja na watu wa rika lao, wakawa kijiji chao wenyewe. Nao waliendelea kulima na baba zao, na kwenda kula kwa mama zao, kikundi kwa kikundi, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kati ya watu wetu katika miaka ya 1934 hadi 1938, waliyachunguza mambo hayo, na Monica akayaandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Humo limeelezwa neno letu la ukwangala, yaani kufurahi katika ushirika wa wenzio, kula nao na kuzungumza nao. Wazee walishika ya kwamba hekima haipatikani kwa mtu anayekaa peke yake, bali kwa mazungumzo ya marafiki. Vijiji vile vya marika havipo tena, nasi hatutaki kuvirudisha. Lakini hekima yake yafaa darasani. Mtoto mgeni humwamini mwenzake kabla hajamwamini mwalimu. Basi siku ya kwanza mpeni kila mtoto mwenzi: wa njia moja, wa mtaa mmoja, au mwanafunzi wa darasa la pili ajuaye maji yako wapi na choo kiko wapi. Mvulana wetu, kama angalikuwa na mwenzi mmoja tu wa kutocheka, huenda siku ya tatu angalikuja.

Wako watakaotuambia, "Katekista, wataka shule iwe nyumbani, watoto watasoma lini?" Swali hili ni la haki, tena lina historia katika nyanda zetu hizi za juu. Mwaka 1928 ilifunguliwa shule ya Malangali, upande wa Iringa, chini ya Mwingereza aliyeitwa W. B. Mumford. Yeye alitaka shule isiwe nchi ya kigeni kwa vijana wa Kihehe na wa Kibena na wengineo. Nyumba za kulala zilijengwa kwa namna ya kienyeji, wazee wa makabila walialikwa kuwafundisha vijana mila, na ngoma na kutupa mikuki vilikuwamo katika mafundisho. Wengi walilisifu jaribio lile. Wengine walilaumu, wakisema kwamba Mwafrika hapeleki mtoto shuleni ajifunze mkuki anaoweza kujifunza kwa baba yake. Ampeleka apate asichokuwa nacho. Namna ile haikudumu, ingawa shule ya Malangali ipo hata leo.

Sisi twaona pande zote mbili zilikuwa na haki. Mzazi wa Kinyala ampelekapo mtoto shuleni hataki tumrudishie vilevile alivyomleta. Ataka ajue kusoma, na hesabu, na sayansi, aweze kusimama na watoto wa Mbeya na wa Dar es Salaam. Lakini mtu akitaka kumvusha mwenzake mto, hamwiti tu kutoka ng'ambo ya pili. Hurudi alipo, akamshika mkono, ndipo wakavuka wote wawili. Kurudi huko si kubaki huko. Salamu ya Kinyakyusa asubuhi haimzuii mtoto kujua hesabu saa nne. Yamfungulia masikio ayasikie maneno ya hesabu. Mwalimu asiyeaminiwa hufundisha mwaka mzima, na mtoto husikia sauti tu.

Sasa twasema na ninyi wazazi, kwa maana mzigo huu si wa mwalimu peke yake.

Neno la kwanza kwenu: msimfanye mwalimu kuwa zimwi. Tangu Novemba twasikia majumbani, "Ngoja uende shule, mwalimu atakukomesha." Mtoto huyo, kabla hajamwona mwalimu, amekwisha kumwogopa, na mwalimu ana kazi ya kung'oa miiba aliyoipanda mzazi. Mwambieni mtoto habari njema za shule, walakini za kweli. Mwambieni, "Utachoka kidogo, utapata marafiki, na ukitaka kwenda haja, sema."

Neno la pili: njoni pamoja naye. Siku ya kwanza mtu wa nyumbani na amfikishe mtoto mpaka mlangoni, amtajie mwalimu majina yake yote, amwambie kama hasikii vizuri kwa sikio moja, kama ameondokewa na mama, kama alala kwa bibi. Mwalimu atayajuaje haya? Na mwalimu akija kwenu, kama tulivyokwenda sisi, mpeni kigoda hata kama amekosa. Mama yule angaliweza kutufukuza, na haki ilikuwa yake. Alitukaribisha, akatuuliza swali. Kwa swali hilo alimwokoa mjukuu wake, tena alituokoa na sisi.

Nasi makatekista tusijitoe katika hukumu hii. Watoto waletwao kwetu kujitayarisha kwa Komunyo ya kwanza nao ni wageni. Mara ngapi tumewaaibisha mbele ya wenzao kwa kuwa hawakukariri jibu? Tukitaka wayaamini tunayowafundisha, ni vema kwanza waweze kutuamini sisi tunaofundisha.

Ndugu wapenzi, leo ni sikukuu ya kukumbuka. Wengi wenu mmekuja hapa mkiwa na mvi, na miongoni mwenu wako waliosoma katika madarasa ya miti na nyasi, kwa ubao mmoja na chaki ya kugawana. Twawaomba jambo dogo. Kabla hamjarudi majumbani, kila mtu na akumbuke mwalimu mmoja aliyemtazama kama mtu. Huenda mmekwisha kusahau alichowafundisha. Lakini mwakumbuka jinsi alivyowaita kwa jina. Mkiwa mwajua aliko, mpelekeeni salamu. Akiwa amelala makaburini, mwombeeni.

Kisha, Januari ijayo, mvua itanyesha tena, na ukungu utashuka tena kutoka mlima Rungwe. Watoto watatoka majumbani mwao na majani ya migomba vichwani. Hatuwezi kumrudisha yule aliyehamia Usangu. Popote alipo, twamwomba radhi hapa mbele yenu, na twamwomba Mungu amempe mwalimu aliyemwita kwa jina lake. Lakini hawa wanaokuja wangali mikononi mwetu. Ndugu walimu, simameni mlangoni, wala msikae mezani. Na mtoto akiwasalimu, kwa lugha yoyote ile, mwitikieni.